Kura Iliyokuangusha Mbwawa

Kisarawe,
Jumapili.

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini goti limepoa na ngedere wamekuachia mihogo kidogo. Mimi mwili ni mzima. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitaishia kuulizia mvua.

Huku nimepata chumba karibu na shule. Majirani ni wema, ila kila mtu ana yake. Tangu Ijumaa mchana sijazungumza na mtu zaidi ya muuza maandazi. Napika wali wa mtu mmoja na bado unabaki. Upweke ni mbaya, Baba, unakukumbusha usiyoyataka.

Nafundisha uraia kidato cha tatu. Juzi niliwaeleza wanafunzi kwamba kura ni siri, na kwamba mtu huchagua anayefaa, si ndugu yake. Binti mmoja, Kudra, asiyeogopa mtu, akauliza kama mimi ningeweza kumnyima kura baba yangu mzazi. Darasa likacheka. Mimi nikainama kutafuta chaki niliyokuwa nayo mkononi.

Mama ameniambia bado hamsemezani na Mzee Mwinyijuma, rafiki yako tangu jandoni. Eti kwa sababu alionekana akicheka na Evaline siku ya uchaguzi wa mtaa hapo Mbwawa, na Evaline akakushinda kwa kura moja. Hukwenda hata kwenye hitima ya mama yake Mzee Mwinyijuma. Nililia niliposikia.

Baba, kura iliyokuangusha ni yangu. Nilimchagua Evaline. Miaka mitano ya uenyekiti wako, muhuri wa mtaa ulishinda mfukoni mwa koti lako. Mama Stellamaris alikuja mara tatu kutaka barua ya utambulisho ya binti yake, na mara zote mimi ndiye niliyemwambia uko shamba. Niliona aibu. Kwa ubaba huna mfano, lakini kwa uenyekiti ulitutesa. Nilidhani utashinda tu. Siku ile ya matokeo uliporudi ukavua kofia, nilikuchemshia chai nikanyamaza. Kura yangu siijutii. Kinachonila ni kumwacha mzee wa watu abebe mzigo wangu.

Kasirika, una haki. Hata ukikaa mwezi mzima bila kunijibu, nitaelewa, ingawa nitaumia.

Nisalimie Mama na mdogo wangu Yassin. Mzee Mwinyijuma naye nisalimie sana, ila salamu yake usimtume Yassin. Ipeleke mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Hajra