Nyota Iliyonizuia Kurudi Ndalu

Baba Nanjala wangu,

Nakusalimu kutoka huku Afrika Kusini, kwenye baridi kavu inayopasua midomo. Mimi ni mzima. Ninyi je? Nanjala amepona kikohozi? Mahindi ya Ndalu yametoa mbelewele, au viwavi wamerudi? Na goti la mama kule Malakisi linaendeleaje? Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwa simu tunaanza vizuri, halafu unasema "sawa tu", na nikiisikia hiyo "sawa tu" yako usingizi unanipaa. Mwenzangu mmoja anasafiri kuja Nairobi. Ataituma barua hii ikufikie dukani Kitale.

Nataka nikueleze vizuri kilichonizuia kuja kwenye ubatizo wa Nanjala, maana kwa simu nilikueleza vibaya.

Mizigo nilikuwa nimeshafunga. Gauni la Nanjala la ubatizo niliweka juu kabisa lisikunjike. Ndipo ujumbe ukaingia kwamba chombo kilicho angani kimeona mlipuko wa eksirei kutoka kwa ile nyota yangu. Kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana: moja imekufa, ni ndogo lakini nzito ajabu, nayo huinyonya gesi ya mwenzake. Ikizidisha, hulipuka. Chombo kile huona eksirei tu. Sisi wa chini tunatakiwa kuigeuzia darubini upesi, tupime nuru yake ya kawaida kabla haijafifia. Ikishafifia, pengine utazeeka hujaiona tena ikifanya hivyo.

Zamu haikuwa yangu. Thandi, mwenzangu wa kazi, aliniambia, "Nenda nyumbani. Nitaipima mimi." Nilibeba begi mpaka mlangoni, kisha nikaliweka chini. Wewe uliniuliza, "Kwani lazima iwe wewe, bana?" nikakujibu ndiyo. Si kweli. Nilitaka mwenyewe. Nyota hiyo nimeifuatilia tangu nije huku, imenyamaza tu, na sasa ilikuwa imeamka.

Siku ya ubatizo mawingu yalitanda tangu jioni. Nilizunguka nje ya jengo la darubini kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikijua kanisani mmeshatoka, mtoto amebatizwa na gauni la kuazima, watu wanakula kwetu, na mimi hapa sina nyota wala mtoto. Nililia, Baba Nanjala. Baadaye upepo ukayasukuma mawingu, tukaikuta. Iling'aa kuliko nilivyowahi kuiona, tena nuru yake ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, na usiku uliofuata ikarudia mpigo uleule. Muda kati ya mpigo na mpigo ndio nyota hizo mbili hutumia kuzungukana, na hakuna aliyekuwa akiujua. Thandi alinikumbatia akipiga kelele. Mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Sasa imefifia, na mimi sijatulia. Nikiketi natamani kusimama. Nikiwa kazini moyo uko Ndalu, nikiiwaza Ndalu mikono inatafuta kazi. Nanjala aliniuliza, "Mama, hiyo nyota ni mgonjwa?" Nikamwambia kidogo. Akasema, "Si waite daktari, wewe ukuje." Na mama, ulipompa simu: "Ati nyota! Hata nyota si zinarara mchana? Wewe unarara saa ngapi?" Nilicheka.

Mkubwa wetu ameniomba nibaki mwaka mwingine. Sijamjibu. Nimekata tiketi nyingine; nitafika kabla hamjang'oa maharagwe. Sijui kama nakuja kukaa au kuaga, na safari hii sitaki kuamua peke yangu. Ila nakuomba usinipokee kama mgeni, na soda na viti vya kuazima. Kama una hasira, toka nayo hapo mlangoni, tugombane vizuri, ndio nijue nimefika kwangu.

Nisalimie mama, umwambie nitamkanda goti mwenyewe. Msalimie dada yako wa Tuwan anayemsuka Nanjala nywele wakati sipo, na yule mama wa ubatizo aliyemshika mtoto mahali pangu. Nanjala mbusu kwenye paji la uso, hata akikataa.

Ni mimi mkeo, ninayekuwaza hata ninapotazama kwingine,

Mama Nanjala