Chai ya Bibi

Same, Jumanne usiku

Sijawahi kumwambia mtu: sitaki kuwa daktari wa kupasua, kama wanavyodhani nyumbani. Nataka kuwa yule wa usingizi.

Leo Bibi alikuwa apasuliwe tezi la shingo. Daktari wa usingizi, mama mmoja mpole, aliinama kitandani.

"Shikamoo, Bibi. Umekula chochote leo?"

"Marahaba. Sijala."

Mwingine angeridhika. Yeye akauliza, "Na chai je?"

"Chai nimekunywa, mwanangu, ya maziwa. Ningeteremkaje kutoka Suji na baridi ile? Chai si chakula!"

Daktari alicheka, akamshika mkono. Akatueleza kwamba maziwa yale yangeweza kupanda na kuingia mapafuni Bibi akiwa usingizini. Upasuaji ukasogezwa hadi kesho.

Nilitamani kumfuata, nimwulize mtu husomea wapi kuuliza hivyo. Sikuthubutu. Hata sasa natamani, na kesho naiogopa. Bibi ndiye aliyenilea, na kama...

Jioni shangazi alileta chupa ya chai, "ya kumwamshia Bibi alfajiri." Niliichukua, nikawamiminia akina mama waliokuwa wakiuguza wodini mpaka ikaisha. Bibi alininunia. Nikaketi karibu naye.