Gramu za Kikombe cha Mama

Dada yangu,

Barua yako nimeipata kwa fundi cherehani. Sisi tupo. Mvua imetuchosha, na yule kuku wako mkorofi bado anatagia kwenye sufuria.

Unauliza kikombe cha Mama kinachukua gramu ngapi za unga, maana karatasi ya vipimo umeipoteza na keki zako huko hazifanani na za nyumbani. Nimekijaza bila kushindilia, nikasawazisha kwa kisu, nikapima mara tatu. Gramu mia moja na nne.

Najua ukikumbuka utabisha, kwa sababu tulipopima pamoja kabla hujaondoka ilikuwa mia na ishirini. Mzani ni uleule wa dukani, dada, hauna kasoro. Kikombe ndicho kimebonyea ubavuni. Shemeji yako alikirusha Jumanne, chai ikiwa bado ndani. Bega langu linaendelea vizuri.

Wewe tumia mia na ishirini. Jibu lipitie kwa fundi, lisije nyumbani kabisa. Uniambie kama hapo kwenye oveni yako mnahitaji mtu wa kupima unga.

Kikombe nimeshakitia kwenye begi.

Kitindamimba wenu