Tunaoanisha Ijumaa

Jumatatu, 10 Juni

Wamekubali! Mkurugenzi kasaini. Tunaoanisha!

Ngoja niliweke sawa, maana kichwa kinazunguka. Mimi nina bahari yangu. Miaka minne sasa naijenga ndani ya kompyuta – visanduku vya maji juu ya visanduku vya maji, kila kimoja na joto lake, chumvi yake, mwendo wake. Chumba cha pili yupo Bwana Hewa, ndivyo ofisi nzima inavyomwita, na anga lake: upepo, mawingu, mvua. Mpaka leo kila mmoja alikuwa na modeli yake na mlango wake. Sasa modeli mbili zinaoanishwa. Upepo wake utasukuma maji yangu, joto la maji yangu litalisha mawingu yake. Na meza yake imehamishiwa chumbani kwangu! Sikuomba. Niliomba kidogo.

Sharti lipo. Modeli iigize miaka ishirini bila kulipuka, kufikia Ijumaa mchana. Ikifika, mradi unaendelea. Isipofika, utabiri tutachukua wa watu wengine, nami nabaki na bahari yangu mpweke, na Bwana Hewa anarudi uwanja wa ndege kuwatabiria marubani. Nimeitikia kwa utulivu wa mtu mzima. Halafu nimekwenda chooni kurukaruka.

Jumanne, 11 Juni

Imelipuka mwaka wa tatu. Maji ya moto yalilundikana pwani isiyo yake, mvua ikayafuata huko, upepo nao ukapandisha mori, na ghafla kisanduku kimoja katikati ya bahari kikawa na joto la supu. Kompyuta ikatapika: si namba, si namba, si namba, ukurasa mzima.

Yeye anasema bahari yangu ina kisirani. Mimi nasema upepo wake haukulelewa. Tumebishana mpaka chai yangu ikapoa. Akaondoka kwa hasira, akarudi na nyingine ya moto, sukari kijiko kimoja na nusu. Hiyo nusu nani kamwambia?

Mama kapiga simu katikati ya ugomvi. Kauliza mbona sauti iko juu. Nikamwambia nina kazi, Mama, tunaoanisha Ijumaa, nitakupigia. Kauliza na nani. Nikasema na huyu wa hewa, meza yake iko hapahapa. Haya mwanangu, kasema, na kukata. Mama kukata simu mwenyewe! Labda salio limeisha.

Jumatano, 12 Juni

Aibu yangu jamani!

Shangazi, dada yake marehemu baba, kanipigia kabla sijaweka mkoba mezani. Kaanza na vigelegele. Nikadhani kuna aliyejifungua. Kumbe Mama jana kasikia "tunaoana". Mkia wa neno ulimezwa na simu! Na Mama kwa kutangaza hajambo: ukoo mzima unajua naolewa Ijumaa, kazini kwangu, na mtu wa hewa. Shangazi kafikiri mtu wa hewa ni yule anayejaza upepo kwenye matairi. Kanifariji kabisa. Kasema ni kazi halali, nisiionee haya.

Nikaeleza. Ni modeli, Shangazi. Bahari na anga ndizo zinazounganishwa. Kasema anaelewa, harusi za siku hizi kila moja ina mada yake.

Bwana Hewa kauliza nani alikuwa analia kwenye simu kwa sauti ile. Nikasema shangazi, ana mafua.

Na modeli – imelipuka mwaka wa pili. Tunarudi nyuma! Tumefupisha hatua za muda, tumepunguza ukali wa mawingu, wapi. Amekaa akiitazama skrini, kashika tama. Kasema uwanja wa ndege kuna kiti chake bado, kinayumba mguu mmoja. Nilitaka kumwambia usiende. Nikamwambia tujaribu tena.

Alhamisi, 13 Juni

NIMELIPATA! Nimelipata kosa!

Mama na Shangazi walinipigia pamoja, simu moja, sauti kubwa, wakigombana wao kwa wao, mimi mgeni tu. Mama anataka kujua huyo mwanamume katoka wapi. Shangazi anasema kutoka kwake hakutusaidii kitu, cha kuuliza ni anakwenda wapi. Katoka wapi. Anakwenda wapi. Simu iko begani, mkono uko kwenye faili la upepo – nikaganda.

Watu wa hewa huutaja upepo kwa unakotoka. Upepo wa kusini umetoka kusini. Sisi wa bahari huutaja mkondo kwa unakokwenda. Mkondo wa kusini unaelekea kusini. Yeye ananiletea unakotoka, mimi napokea kana kwamba ni unakokwenda! Siku zote hizi upepo wake unaisukuma bahari yangu kinyumenyume, na sisi tunatukanana. Hakuna mwenye kisirani. Kilichokosekana ni alama moja ya kutoa.

Nikawaambia nawapenda wote wawili, nikakata. Nikamwonyesha ule mstari. Kasoma. Kashika kichwa. Kacheka mpaka kakaa sakafuni, nami nikakaa sakafuni, mbavu sina. Katika kucheka huko kaniambia kuhamishwa kwa meza aliomba yeye. Nikamwambia hapana, niliomba mimi. Tukatazamana. Mkurugenzi alipata maombi mawili ya meza moja na hakusema kitu, mzee yule!

Tumeianzisha upya. Mwaka wa tano. Mwaka wa nane. Maji ya moto yako kwao, mvua inanyesha panapostahili. Sijala na sina njaa.

Kauliza nimeligunduaje. Nikasema mama na shangazi walikuwa wakimjadili mtu. Kauliza mtu gani. Nikasema fundi wa matairi.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika mapajani, najifanya naandika takwimu. Mwaka wa ishirini, mwezi wa Agosti! Mkurugenzi kasimama nyuma ya kiti changu, anapumua kwa pua. Bwana Hewa anatafuna kifuniko cha kalamu yangu. Namwachia.

Septemba. Bahari tulivu, Mungu ailinde.

Mlinzi kapiga simu kutoka getini, kapaza sauti kama kawaida yake, chumba kizima kimesikia. Kuna akina mama wawili hapa, wamependeza kupita kiasi, wanasema wamekuja harusini. Mkurugenzi kauliza harusi ya nani.

Ikabidi niseme. Mbele ya mkurugenzi! Simu, "tunaoanisha", mkia wa neno, fundi wa matairi, yote nimeyamwaga. Uso unawaka mpaka sasa. Mkurugenzi kaanza kukohoa kikohozi cha uongo, kageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Kamwambia mlinzi awapandishe.

Oktoba.

Bwana Hewa hakucheka. Nilimtazama kwa pembe ya jicho ili nione kama anacheka, hakucheka hata kidogo. Kachukua karatasi, kaandika "tunaoanisha" kwa mwandiko wake ule mbaya. Kaitazama. Halafu kakata i, kakata s, kakata h. Kanisogezea.

"Herufi tatu tu," kasema, taratibu, mkurugenzi asisikie. "Mimi sina haja nazo. Wewe je?"

Novemba. Viatu vya Shangazi viko ngazini, nasikia Mama anamuuliza mlinzi huyo wa matairi anakaa chumba gani. Bwana Hewa kasimama, kafunga kifungo cha shati cha juu, kafungua tena. Kalamu anayo yeye, hii ni penseli ya mkurugenzi. Karatasi iko mbele yangu, nimeshaiandikia neno moja chini yake, "Sina", naicheka kimoyomoyo, na mlango unagongwa, na Desemba imeingia, na hakuna hata mmoja wetu anayetazama skr