Mkanda wa Nne

Jumatatu, 18 Machi

Mkanda wa tatu wa pikipiki umekufa leo. Wa tatu tangu Februari! Nilikuwa kwenye kilima nyuma ya nyumba, sleji ninayoivuta nyuma imebeba kuni na magunia mawili tu ya chakula cha reni, kulungu wetu wa theluji. Pikipiki ya theluji ikalia juu, ikatoa moshi wa mpira, ikasimama. Nimerudi kwa miguu, theluji mpaka mapajani. Mgongo unawaka. Miaka hamsini na miwili si mchezo.

Mama Inga Máret, mwenye kundi, alikuwa dirishani. Alinimiminia kahawa, akangoja niimalize. Halafu akasema, bila hasira, kwamba mwezi ujao kundi la reni linahamia pwani, na mlima hauvukwi na mtu anayetembea kwa miguu. Pikipiki isiposhika, nibaki hapa nilinde nyumba. Na majira ya baridi yajayo Juhán atamtosha peke yake.

Juhán ni mtoto wa kaka yake. Ana pikipiki mpya, nyekundu. Ananiambia yangu niipeleke makumbusho, na mimi niingie nayo.

Miaka tisa niko na watu hawa. Nilitoka Ufini na begi moja na msumeno. Dada yangu akinipigia simu kutoka Kajaani huniuliza narudi lini. Huwa namjibu habari za hali ya hewa.

Jumatano, 20 Machi

Nimeivuta pikipiki mpaka karakana ya Elle, kijijini. Elle ni fundi, mwanamke mfupi, hana haraka. Alifungua kifuniko cha pembeni, akatazama klachi, akapitisha kidole. Kidole kikatoka cheusi, kinang'aa.

Akaniuliza nilipaka nini. Nikasema ukweli: ilikuwa inalia, nikaipaka grisi.

Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. “Kaka yangu, huu si mnyororo wa trekta. Klachi hii inafanya kazi kavu. Umeupaka mkanda siagi, halafu unaushangaa ukiteleza?”

Aibu! Lakini nimekua msituni mimi. Kwetu kitu kikilia, kinapakwa grisi. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna chuma kinachotaka kukauka. Shule niliacha darasa la saba.

Elle ana mkanda mmoja tu unaoingia pikipiki ya umri huu. Mwingine ukiagizwa utachukua wiki tano. Kundi litakuwa limeshafika baharini. Kwa hiyo huu wa nne ndio wa mwisho. Amenipa pia kopo la springi kuukuu na vyuma vidogo vya uzito, niazime, na sharti moja: nibadilishe kitu kimoja kwa mara moja, na kila nikibadilisha niandike. Nikasema kuandika naandika kila siku, bure tu. Akasema basi sasa iwe na faida.

Alhamisi, 21 Machi

Kuosha klachi kwa spiriti kutwa nzima. Mbele, nyuma. Vidole havina hisia. Mkanda bado sijaufunga. Nauogopa.

Jumapili, 24 Machi

Nimeelewa! Naandika kabla haijaponyoka.

Klachi ni mbili, mkanda umezizunguka zote. Kila moja ni sahani mbili zinazotazamana. Ya mbele iko kwenye injini. Injini ikizunguka, vile vyuma vya uzito vinarushwa nje, vinasukuma sahani zikutane, zinaubana mkanda na kuupandisha juu. Springi inavipinga. Springi ngumu — injini inapiga kelele kwanza, halafu inashika ghafla. Springi laini — inashika mapema, taratibu.

Ya nyuma kazi yake ni kukataa. Ina springi yake, na ndani kipande chenye mteremko. Mlima ukiwa mkali, kile kipande kinasokota na sahani zinazidi kuubana mkanda, mwendo unapungua lakini nguvu inabaki.

Ni kama msumeno wa watu wawili. Baba alikuwa upande ule, mimi huku. Mmoja anavuta, mwingine anaachia — lakini anaachia kwa kipimo. Ukiachia ovyo, msumeno unapinda na baba anakutukana. Klachi yangu ya nyuma ilikuwa inaachia ovyo.

Elle alinionyesha pia ujanja wa kalamu ya wino mnene. Unachora mstari kwenye sahani, kutoka katikati mpaka ukingoni, unaendesha, halafu unatazama mkanda umefuta mpaka wapi. Nimeufunga wangu, nimejaribu: umefuta nusu tu, haupandi mpaka juu. Na ukisimama unagusa sahani kwa mkono. Iliyo ya moto ndiyo inayoteleza. Ya nyuma iliniunguza.

Jumanne, 26 Machi

Mjinga mimi. Nilibadilisha vitu viwili kwa pamoja. Vyuma vizito zaidi mbele, springi nyingine nyuma. Kilimani injini ikashuka sauti, ikanguruma kama ng'ombe mgonjwa, ikataka kuzima. Ni kipi kilichoharibu? Sijui! Nimerudisha vyote viwili. Siku nzima imekwenda na maji.

Juhán alipita akasimama kutazama. Akasema, “Mzee, unaitengeneza au unaifanyia maombi?”

Nikaendelea kukaza. Nilikuwa nimeshika springi mdomoni.

Ijumaa, 29 Machi

Kitu kimoja. Springi ya mbele: nimetoa ya manjano, nimeweka ya kijani, laini zaidi. Basi.

Zamani nilikuwa naminya gesi — kimya, kimya, halafu inaruka kama imeumwa na nyuki. Leo imeondoka kama mtu anayetoka kanisani. Sikuhisi ilipoanza! Nimeanza na kusimama mara ishirini hapo uani, kama mwendawazimu, nikicheka peke yangu. Mama Inga aligonga kioo kuuliza kama nina homa.

Jumatatu, 1 Aprili

Andika tarehe hii, Urho.

Asubuhi springi ya nyuma: ngumu zaidi. Nikapanda kilima na kuni. Nyuma bado moto, lakini kidogo. Mchana kile kipande cha mteremko: nimeweka chenye mteremko wa polepole. Nikapakia sleji yote — kuni, hema, jiko la chuma, magunia manne. Mzigo wa safari kamili.

Mama Inga alitoka na fimbo yake. Hakupanda. Alishika ubao wa sleji akasema nipande kilima kwa mwendo wake yeye. Ana miaka sabini na moja. Mwendo wake ndio mwendo wa reni wanapohama: hawakimbii, hawasimami. Hakuna pikipiki inayoupenda mwendo huo. Hapo ndipo mikanda yangu yote ilipofia.

Tukapanda. Taratibu. Injini haikulia, haikushuka. Theluji ilikuwa nzito, sleji inazama. Mama anatembea pembeni, anahema. Mpaka juu!

Nikazima. Nikafungua kifuniko, nikaweka mkono kwenye sahani ya nyuma. Joto la kikombe cha chai. Nikahesabu mpaka kumi, mkono uko pale pale. Mama akaweka na wake, akanitazama. Akasema, “Mimi nimechoka. Yenyewe haijachoka.”

Kwake hiyo ni hotuba. Jioni aliniwekea mfupa wenye uboho kwenye mchuzi, ule anaoubakiza siku zote kwa Juhán. Juhán aliona. Nilinyonya mpaka mwisho, kwa sauti.

Nakwenda pwani!

Jumanne, 9 Aprili

Juhán alitaka tushindane kwenye barafu ya mto. Nikakubali, sijui kwa nini. Ameniacha kama nimepigwa misumari. Nilikuwa bado naongeza gesi yeye ameshageuka. Majirani wamecheka, na mimi nimecheka, ingawa kidogo.

Mama alimuuliza Juhán nani alikuwa anamfukuza.

Lakini mpango ni huu: Juhán atatangulia, na reni wa kengele, yule kiongozi, atafungwa kamba nyuma ya sleji yake, kundi limfuate. Mimi nyuma kabisa, na hema na jiko. Ni sawa. Mtu aliyeunguza mikanda mitatu hapewi kengele. Ningekuwa Mama nisingejipa.

Ila imeniuma.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku ya kwanza. Tumeondoka alfajiri, theluji ikiwa ngumu. Baridi nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Nyama kavu, kahawa, nyama kavu. Sahani zangu — vuguvugu. Mstari wa kalamu umefutika vizuri, mpaka karibu na ukingo. Mbele yangu migongo ya reni tu, mvuke, pembe. Idadi siandiki hata humu. Mali ya mtu haihesabiwi na mtumishi.

Mara mbili leo Juhán alisimama ghafla. Mara mbili reni wa kengele alivutwa shingo.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nimekaa juu ya pikipiki, glovu moja nimevua. Tuko chini ya mlima wa mwisho. Upande wa pili ni bahari.

Ilianza hivi. Mteremko ni mkali, theluji ya juu imeanza kulainika. Juhán alianza kupanda kwa mwendo wa reni. Pikipiki yake imetengenezwa kwa barafu ya mto: haishiki mpaka injini ipige kelele, halafu inaruka. Ikaruka. Kamba ikakaza, reni wa kengele akaangushwa magoti. Akainuka. Juhán akajaribu tena — ikaruka tena. Mara ya tatu yule mnyama akalala chini, akakataa. Kundi zima likasimama. Wa mbele wakaanza kugeuka.

Halafu nikasikia ile harufu ya mpira unaoungua. Naijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote katika mkoa huu.

Sikucheka. Naapa. Nilikuwa na haraka ya kuzunguka na mbwa ili wasitimue mbio kurudi. Wakishuka wote leo, tunapoteza siku tatu, na majike wako karibu kuzaa. Wanatakiwa wazae upande ule.

Walitulia. Juhán alikuwa amefungua kifuniko, nyuzi za mkanda zimejisokota kwenye klachi kama nywele. Mkanda wa akiba anao, lakini hata akifunga mpya, kwa mwendo huu pikipiki itaruka vile vile, na yeye anajua. Akaanza kumwambia shangazi yake kwamba theluji ni mbaya. Mama alimpita, akaenda kwa mnyama. Alikata ile kamba kwa kisu — fundo lilikuwa limekaza mno — akamshika reni wa kengele shingoni, akamsemesha sikioni kwa muda mrefu. Mnyama akasimama.

Akaja naye mpaka kwangu. Watu wote wanatazama, hata mbwa. Akaifunga kamba kwenye sleji yangu, akavuta mara mbili kuhakikisha. Akasema, “Kwa mwendo wangu, Urho.”

Miaka tisa amekuwa akiniita Mfini.

Tunasubiri reni wacheue kidogo na Juhán abadilishe mkanda. Nimegusa sahani: baridi. Huko juu kuna sehemu karibu mita mia mbili sijawahi kuipanda na mzigo, wala na kengele. Kama mkanda huu ukikatika mimi sina mwingine, na kundi litaondoka mikononi mwangu, si mwa Juhán.

Juhán amekuja sasa hivi, mikono nyeusi. Amesimama hapa kama mtu anayetaka kuomba kiberiti. Ameniuliza springi yangu ya mbele ni ya rangi gani. Nimemwambia tukifika juu nitamwonyesha.

Mama ameshapanda sleji yangu. Amekaa kwenye ngozi, juu ya mzigo, fimbo magotini. Kengele imelia mara moja nyuma yangu. Navaa glovu.