Jiko la Nyar Muhuru Halibomolewi

Nyar Muhuru, mke wangu,

Nakuita vile nilivyokuita tangu nikutoe kwenu Muhuru Bay, binti wa Muhuru, wa watu wavuao omena, dagaa wa ziwani, na sitabadilisha sasa eti kwa sababu umekufa. Naandika mwenyewe. Mwalimu wa kanisa alitaka kuniandikia, nikamwambia akae na kalamu yake. Shule niliiacha mapema, lakini herufi ninazo za kutosha. Yeye kazi yake ni kuisoma mbele ya watu ibada ikiisha, kwa sababu maneno haya yanawahusu wao pia.

Walitaka kubomoa jiko lako. Hujamaliza hata mwaka kaburini, ndugu yangu Odongo akasimama mbele ya ukoo akasema jiko la marehemu halikai hivyo, mabati yatolewe, mimi nikale kwa mke wa mwanangu kama wazee wengine, ama nioe yule mjane waliyenitafutia. "Mzee mzima kuinamia moto wa mke," akasema, "unataka soko lote la Homa Bay litucheke?" Nikamjibu, wacha wacheke, meno ni yao. Mimi sina njaa ya mwanamke. Nina njaa ya briyoshi.

Jina hilo liliwashinda wote hapa. Wewe ulilitoa kwa wale masista Wafaransa wa misheni kule Migori, ulipokuwa ukiwapikia kabla sijakuoa. Wenzangu walioa wanawake wanaojua kuchoma maandazi. Mimi nilioa briyoshi. Mkate wa mayai na siagi, laini mpaka unararuka kama nyama ya kuku iliyoiva, na kijiji kizima hakuna mwingine aliyekula kitu hicho Krismasi. Chifu mwenyewe hakula, mpaka tulipompelekea.

Nakumbuka ile Krismasi ya kwanza. Uliyavunja mayai yote ya nyumba, mama yangu akashika kichwa. "Yote yanaingia kwenye unga? Huyu msichana atatumaliza!" Asubuhi yake nani alikuja mlangoni na kikombe cha chai, akiuliza kama kimebaki kipande? Ni yeye.

Nakumbuka ulivyokuwa ukikanda. Ulikuwa ukiuinua unga na kuupiga mezani, unauinua na kuupiga, mpaka unaanza kung'aa. Mimi nilikaa mlangoni kwenye kigoda, maana jikoni kwa mke mwanamume haingii kushika vitu. Siku moja nikanyoosha mkono. "Toa," ukasema. "Mkono wako una moto, siagi itakimbia." Halafu ukaviringa donge kubwa, ukaweka donge dogo juu yake kama kichwa, vile masista walivyokufundisha, ukaniambia, "Mwangalie shemeji." Kweli kabisa, tumbo mbele na kichwa kidogo. Tulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Odongo, kama umeketi hapo unasikia, ndiyo, ni wewe.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Nilimwambia Odongo hivi: jiko ambalo halipiki unaweza kubomoa, lakini hili litapika, na mpishi ni mimi. Akacheka. Akasema Jumapili baada ya kanisa atakuja na mafundi, akinikuta na huo mkate atarudi kwake.

Mara ya kwanza unga ulinishika vidole. Mimi najua kitu kikishika vidole hakijaiva, hata mtoto wa hapa kwetu anajua, ugali ukishika mkono unaongeza unga. Nikaongeza. Ukashika tena, nikaongeza tena, nikachukua mwiko nikasonga kama ugali wa wageni kumi. Nilipouoka, kuku aliudonoa mara moja akaniangalia. Usicheke. Ngano ya siku hizi ni mbaya.

Mara ya pili siagi iliyeyuka kabla sijaifikisha kwenye bakuli. Wewe unajua joto letu la ziwani. Hapo ndipo nikakuona kabisa, umeinama kwenye mtungi wa maji, unatoa siagi iliyofungwa kwa kitambaa kibichi. Na unga wenyewe ulikuwa ukiulaza kwenye sufuria kando ya mtungi huo huo, kwenye baridi, mpaka kesho yake. Hukuniambia hata siku moja kwa nini. Lakini mtu anayekaa mlangoni miaka yote hiyo haangalii mlango.

Jumapili hiyo sikwenda kanisani, Mungu anajua nilikuwa wapi. Odongo alikuja na mafundi wawili na ngazi. Alinikuta nimekunja mikono ya shati, unga niliokuwa nimeulaza kando ya mtungi tangu jana umenishika mpaka kwenye kiwiko, na safari hii sikuuongezea kitu. Niliuinua nikaupiga, nikauinua nikaupiga.

"Toka nje, mabati yatakuangukia," akasema.

"Yaanguke. Nikitoa mkono sasa siagi itakimbia."

"Umerogwa."

"Basi nimerogwa vizuri. Panda."

Akawapandisha mafundi. Waling'oa bati moja, jua likaniingilia mpaka mezani, vumbi likanijaa shingoni. Niliufunika unga kwa mwili wangu nikaendelea. Nilipouviringa niliweka na kichwa, nikaupaka yai, nikautia kwenye sufuria yako kubwa iliyotandikwa mchanga, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Kule juu wakawa wanang'oa misumari ya bati la pili. Halafu harufu ikatokea pale penye tundu.

Nyundo ikanyamaza. Fundi mmoja akachungulia. "Mzee, hiyo ni nini?"

"Shuka uone."

Walishuka wote wawili. Upande mmoja ulikuwa umeungua, sikatai, na kichwa kilikuwa kimelalia bega. Lakini nilipourarua uliraruka nyuzi nyuzi, wa manjano, mvuke ukatoka. Wakati huo mke wa Odongo alikuwa ameshafika kumtafuta mumewe. Akachukua kipande, akala amesimama, akafumba macho.

"Ni ule ule," akasema. Kisha akasema, "Chumvi imepungua kidogo."

Chumvi haikupungua! Lakini nilimsamehe, kwa sababu alimgeukia Odongo akamwambia, "Jiko hili mnabomoa nini, na linapika? Rudisha bati la watu. Na ukigusa lingine, leo utakula kwa huyu mzee, kwangu hakuna."

Odongo hakula. Alibeba ngazi yake akaenda. Lile bati nimepanda kwa miguu yangu hii nikalipigilia mwenyewe, na halivuji.

Sasa wanasema nimekuwa mwanamke. Waseme. Wanasema mjane yule anasubiri jibu. Jibu ni hili, na linasomwa mbele ya kanisa zima: moto wa Nyar Muhuru nitauwasha mimi mpaka siku nitakapozikwa kando yako, na anayetaka kuuzima aje mwenyewe, bila mafundi. Atanikuta nakanda.

Wewe pumzika. Mkono wangu kumbe hauna moto kama ulivyodhani.

Ni mimi mzee wako, ninayepika.