Uso wa Baba Mkwe

Tunduma, 7 Machi 2004

Mdogo wangu Teresia,

Salamu zikufikie hapo Ikinga, wewe na shemeji Osea na mpwa wangu Leah. Mvua zinasemaje huko? Huku tope limefika magotini na malori yamepanga foleni hadi Mpemba, lakini afya ninayo na kazi ipo. Mwezi huu nimeandika vibao vya maduka manne.

Sasa kaa chini. Vile vibonzo ulivyoniachia Krismasi, vya mkamwana anayemkimbia baba mkwe, niliwaonyesha wenzangu bila kukuuliza. Unajua mwezi wa sita tuna tamasha letu la vibonzo, sisi wachoraji sita tusio na gazeti wala mfadhili, katika ukumbi wa gesti ya karibu na mpaka. Kila mwaka tunachukua wachoraji wachanga watatu. Tunawapa karatasi na kalamu za wino, Mzee Watson wa Mbeya anawafundisha mwezi mzima, kisha kila mmoja tunamchapishia kijitabu chake. Mwaka huu mmoja ni wewe. Watson alicheka mpaka akavua miwani, pale mkamwana anapojitosa kwenye mibuni na ndoo ya maji kichwani.

Ila ana neno moja. Kote umemchora mzee kuanzia magotini kwenda chini, viatu vya matairi na ncha ya fimbo. Anasema kwenye bango na kwenye jalada lazima awe na uso. Mchore, unitumie.

Kaka yako,
Enoka

Ikinga, 21 Machi 2004

Kaka Enoka,

Shikamoo. Sisi wazima, Leah ana mafua tu, na mahindi yanapendeza. Barua yako nimeisoma jikoni mara tatu, machozi nikayasingizia moshi. Miaka saba tangu niolewe nimetamani kitu kimoja, kitabu chenye jina langu, hata cha kurasa nane. Nilikuwa nimeshaacha kukitamani kwa sauti.

Lakini uso siwezi. Wewe ni Mndali kama mimi, au Tunduma imekufuta kabila? Mkamwana hamtazami baba mkwe. Nikisikia kikohozi chake najificha, nikikutana naye njiani naacha njia. Miguu yake naijua kuliko yangu, uso wake sijauona hata siku moja. Ndiyo maana nilichora miguu. Watson asidhani ni ufundi. Huko juu sijui kuna nini.

Mdogo wako,
Teresia

Tunduma, 4 Aprili 2004

Mama Leah,

Marahaba. Mpwa wangu mpe maji ya moto yenye limau, mafua yataona aibu. Mimi sijambo.

Nani kakwambia umchore baba yake Osea? Mtunge mzee yeyote. Karatasi si mtu, na mwiko haujui kusoma. Mimi pia ni Mndali, lakini mchapaji ni Msafwa na bango analitaka mwisho wa mwezi. Usipoleta uso, nafasi yako itakwenda kwa Yasmini, binti wa muuza vitenge hapa sokoni, naye ana mkono mzuri. Sikutishi, nakwambia ilivyo.

Kaka yako,
Enoka

Ikinga, 19 Aprili 2004

Kaka,

Shikamoo. Leah amepona na anakusalimu.

Uso huu hapa, nimeufunga ndani ya gazeti. Nilitunga wazee sita nikawatia motoni, wote walifanana na wewe na nuksi zako. Mwishowe nilimtazama Osea akila. Ndio uso pekee wa mwanaume ninaoutazama kwa raha yangu. Nikampunguza meno, nikamkunja mashavu, nikamtia mvi. Nimependa alivyotoka, anauliza, "Mkamwana wangu yuko wapi?" huku nyuma yake vidole vya mguu vimechungulia kwenye mibuni. Osea usimwambie, atanuna kwamba nimemzeesha.

Nimeshamwomba ruhusa ya mwezi mzima wa mafunzo. Amesema niende. Kaka, nimefurahi mpaka naogopa.

Mdogo wako,
Teresia

Tunduma, 23 Mei 2004

Mdogo wangu,

Hamjambo wote? Sisi huku ni mbio tupu, kulala kwenyewe tunalala tumesimama. Mabango mia tatu yametoka na yamebandikwa kuanzia hapa mpaka Isongole. Mbele ya uso wako watu wanasimama. Hata Wazambia wanaovuka kununua sabuni wanaomba watafsiriwe maneno, na wakishatafsiriwa wanacheka, maana wakwe hawana mpaka. Njoo tarehe tatu. Kitanda chako mke wangu ameshakitandika.

Kaka yako,
Enoka

Ikinga, 13 Juni 2004

Kaka Enoka,

Shikamoo. Najua mlinisubiri. Mwili mzima, mengine siyo.

Baba mkwe alikwenda mnadani Isongole. Akakuta watu wamezunguka bango wanacheka, na alipofika wakaacha kutazama bango wakamtazama yeye. Alilibandua mwenyewe, akalikunja, akalitia mfukoni mwa koti. Siku ya tatu akaita ukoo.

Ni yeye, kaka. Wote wanasema ni yeye, mpaka kovu la nyusi, nililolitoa kwa Osea, na kumbe baba yake analo upande huohuo. Nilimzeesha mtoto nikampata baba yake. Asingekosea hivyo mtu mwingine yeyote, maana kila mtu hapa anajua wamefanana isipokuwa mimi. Wanasema ili mtu achore mikunjo yote ile lazima awe ametazama miaka, tena amejificha. Nasema sijawahi kumwona, wananiuliza basi umemchoraje. Osea amehama kitanda chetu.

Teresia

Tunduma, 20 Juni 2004

Teresia,

Pole, na pole tena. Nakuja Jumamosi. Nitawaambia ukweli, kwamba uliyemchora ni Osea. Kosa ni langu niliyeng'ang'ania uso, nami nitalisema mbele yao. Kitabu chako kinakusubiri, Watson ameapa.

Kaka yako,
Enoka

Ikinga, 11 Julai 2004

Kaka,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na gari halikukusumbua pale mtoni.

Nilikuwa nyuma ya ukuta siku ile, nakohoa ili usimtaje Osea, hukunisikia. Ulisema vizuri. Uliposema ni Osea, nilidhani wazee wameelewa. Ulipoondoka Osea alinifuata jikoni akaniuliza, "Kwa hiyo kila ukinitazama mimi unamwona baba?" Tangu siku hiyo akila anageukia mlangoni.

Wameamua ng'ombe mmoja wa faini, na chaguo. Nirudi kwetu nikimwacha Leah, au niape kutochora tena. Waliniweka nyuma ya mlango, baba mkwe akiwa upande wa pili. Nilisikia pumzi yake. Akasema, "Aape." Nikamwapia yeye, kwa jina lake la ukoo ambalo hata kulitamka siruhusiwi, wakalitamka wao nami nikafuata kwa "ndiyo."

Sikukuchagua wewe wala kitabu, kaka. Nimemchagua mwanangu. Usinilaumu, na mimi nitajaribu nisikulaumu, ingawa leo bado.

Mdogo wako,
Teresia

Tunduma, 13 Februari 2005

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Barua tatu hukujibu, lakini anayepeleka ndizi Mpemba aliniambia amekuona kisimani, nikashukuru. Mimi naumwa mgongo, si kitu.

Mwaka jana vibonzo vyako tulivitundika ukumbini bila wewe. Watu walirudi kuvitazama. Nafasi yako sijaitoa. Wenzangu wananisema, Yasmini anasubiri mlangoni, nami nawaambia mzee wa Ikinga naye ni binadamu, moyo utalainika akufungulie kiapo. Nitasubiri mpaka mwezi wa tano.

Nisamehe.

Kaka yako,
Enoka

Ikinga, 15 Mei 2005

Kaka Enoka,

Shikamoo. Pole na mgongo, jipake mafuta ya nyonyo. Leah ameanza darasa la kwanza. Nilichelewa kujibu kwa sababu tulikuwa na msiba.

Baba mkwe amefariki. Walitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, ile moja aliyopiga ujanani ilikuwa imeliwa na mchwa. Shangazi yake Osea akafungua sanduku la marehemu akakuta bango, limekunjwa vizuri ndani ya koti la kanisani. Kwa nini alilitunza hakuna anayejua, na mimi si mtu wa kuuliza. Wakayakata maneno na vile vidole vya mguu kwa mkasi, wakatia kioo. Osea anasema ilipotolewa nje kilio kilianza upya, watu wakisema ndiye yeye, ndiye yeye kabisa. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko napika. Hata maiti ya mkwe mkamwana haitazami.

Baada ya matanga nilimtuma Osea aulizie kiapo changu. Wazee walimjibu kwa upole, tena wakausifu mkono wangu, kwamba bila mimi marehemu angezikwa bila sura. Lakini kiapo hufunguliwa na aliyeapiwa, wamesema, na yeye ameondoka nacho. Hawakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningepata wa kumchukia.

Osea ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo picha imetundikwa kwetu sebuleni. Sasa sebuleni siingii. Napitia mlango wa uani, na wageni wakija nampa Leah chai awapelekee.

Nafasi yangu mpe Yasmini, usisubiri tena. Mwambie achore upesi, maana bado hajaolewa.

Mdogo wako,
Teresia